Rangi Mpya kwenye Gari la Marehemu



Shemeji yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipofariki aliacha mke, watoto watatu, na gari moja kuukuu aina ya Peugeot 504 lenye safu tatu za viti. Gari hilo lilikaa uani kwa miezi 4 na siku 10 za eda ya dada yetu, likipigwa na mvua za masika na upepo wa bahari, wala hapana aliyekuwa na moyo wa kuliwasha. Eda ilipomalizika, dada yetu alituita akatuambia, "Kaka, karo haingojei. Gari hili tuliuze."

Wasomaji wetu wa makamo wanalijua gari la namna hii. Lilianza kuundwa Ufaransa mwaka 1968, na mashindano ya Safari Rally ya 1975 na 1978 yalishindwa na magari ya ukoo huu huu. Hapa kwetu Pwani sifa yake kubwa haikuwa mbio. Sifa yake ni kwamba liliingiza bibi arusi, somo wake, mashangazi na sufuria za biriani kwa mkupuo mmoja, likafika. Kwa hivyo wako mpaka leo watu wanaolitafuta, illa hawalitaki likiwa limechakaa. Rangi ya gari la marehemu ilikuwa imefifia juu ya paa hadi ikawa kama chokaa, na milango ilikuwa na mabaka ya kutu. Tukaona bora lipakwe rangi kwanza, ndipo liuzwe.

Uamuzi huo haukuwa mwepesi. Madeni ya marehemu yalikwisha kulipwa. Iliyobaki ilikuwa thumuni ya mjane na mafungu ya watoto, na sisi ndio tuliokabidhiwa kuyaangalia. Shilingi 70,000 tulizompa fundi zilikuwa za mayatima. Mwenye kushika mali ya yatima hana ruhusa ya kuitumia ila pale anapotumai kwa haki kwamba itaongezeka.

Gari larudi nyumbani

Baada ya wiki tatu gari lilirudi, jeupe la maziwa kama lilivyokuwa mwanzo. Majirani walitoka barazani kulitazama. Mtoto mdogo alibusu mlango, akabakisha alama ya midomo.

Lakini ukilikaribia uliona kwamba kazi imesimama katikati. Vioo vilikuwa na vumbi la rangi. Mipira ya milango ilikuwa imetupwa ndani ya buti pamoja na skrubu, nembo na vishikio, vyote katika mfuko mmoja wa plastiki. Rangi ilikuwa imetiririka mahali pawili ikaganda mithili ya matone ya mshumaa, na juu ya boneti palikuwa na chembe za vumbi zilizonaswa rangi ilipokuwa mbichi.

Tulitaka kulalamika, lakini mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi za bodi alitufahamisha jambo ambalo twapenda kila familia ilijue. Fundi wa rangi aghalabu hulipwa kwa kunyoosha, kupiga msasa na kupaka. Kurudisha kila kitu mahali pake na kuung'arisha uso wa rangi ni kazi nyingine, na kama hamkupatana mapema, haitafanywa. Basi tukaamua kuimaliza wenyewe, sisi na watoto, siku za Jumamosi na Jumapili.

Kazi za mikono yetu

Jambo la kwanza lilikuwa subira. Rangi mpya hukauka juu kwa saa chache, lakini chini yake huendelea kutoa mvuke wa dawa zilizoichanganya kwa siku nyingi. Mtu akiifunika kwa nta mapema, huufungia mvuke huo ndani. Mzee yule alitushauri tusiipake nta kabla ya siku 30 kupita, wala tusiioshe kwa sabuni ya unga, bali kwa maji matamu na kitambaa laini, kivulini. Tulio jirani na bahari twahitaji kuyasuuza magari mara kwa mara, kwani chumvi haibagui rangi mpya na kuukuu.

Vioo alivishika binti, mwenye umri wa miaka 12. Alivirowesha kwa maji ya sabuni, akaparuza vumbi la rangi kwa wembe mpya aliouinamisha, akisukuma upande mmoja tu. Wembe mkavu hukwaruza kioo, kwa hivyo kila mara alirudia kurowesha. Mipira ya milango, iliyokuwa imekakamaa, tuliiosha, tukaiacha ikauke, kisha tukaipaka gliserini ile ile tunayopakia midomo wakati wa kaskazi. Baada ya siku mbili ikalainika, ikakubali kuingia mahali pake bila kupasuka. Vifuniko vya magurudumu vilisuguliwa kwa karatasi ya fedha ya jikoni iliyokunjwa na kuchovywa majini. Vidoa vya kutu viliondoka, na watoto wakagombania zamu.

Ile michirizi na chembe za vumbi aliziondoa kijana mkubwa, wa miaka 16, baada ya rangi kukomaa. Alitumia msasa wa maji, kwanza namba 1500, kisha 2000, ameuviringisha kwenye kipande cha mpira mgumu ili vidole visichimbe. Tulimwonya ajiepushe na kingo za milango na mikunjo ya bodi, kwa sababu hapo rangi huwa nyembamba, na msasa ukipita mara mbili tatu, bati laonekana. Msasa huo huacha uso uliofifia, na mtoto asiyejua hudhani ameharibu. Dawa yake ni kusugua kwa kompaundi na kitambaa cha pamba mpaka mng'ao urudi. Uliporudi, kijana alikaa chini akautazama uso wake mwenyewe kwenye boneti, kimya, kwa muda mrefu. Hatukumsemesha.

Dada yetu naye, ambaye hushona mabuibui kwa kuuza, alivishonea viti vyote saba foronya mpya kwa kitambaa kigumu cha kahawia. Kiti cha dereva alikishona mwisho.

Sumaku ya friji

Ilikuwa Jumapili ya tatu. Tulipoufunga mlango wa nyuma baada ya kuupachika mpira, tukasikia maji yakicheza ndani yake. Kila mlango wa gari una vitundu chini vya kutolea maji ya mvua. Fundi alikuwa ameviziba kwa filla na rangi. Tulivizibua kwa waya, maji ya masika yakatoka, mekundu kwa kutu.

Mzee yule akamwambia kijana alete sumaku. Akaja na ile inayobandikwa kwenye mlango wa friji. Ikafungwa ndani ya kitambaa chembamba ili isikwaruze, ikapitishwa pole pole juu ya bodi. Sumaku hushika chuma, filla haiishiki. Juu ya paa ilishika, kwenye boneti ilishika, milangoni ilishika. Ilipofika kwenye ukingo wa chini, chini ya milango ya upande wa kushoto, ikaanguka. Ikawekwa tena, ikaanguka tena. Tukagonga kwa kidole, mlio ukawa mzito kama wa ubao. Tukainua zulia la ndani, na chini yake tukakuta kutu ilikuwa imekula chuma, na tundu la upana wa kiganja limejazwa magazeti, likapakwa filla juu yake, kisha rangi nyeupe ya maziwa.

Ukingo huo si pambo. Ndio unaoshikilia sakafu na kulipa gari nguvu pale linapogongwa ubavuni. Na mahali hapo hasa ndipo miguu ya watoto hukaa.

Usiku wa mashauri

Usiku ule tulikaa na dada yetu. Mwanamume mmoja alikwisha kuliona gari kwa mbali na kuridhia bei ya shilingi 350,000, na angekuja Jumamosi. Rangi ilikuwa safi. Zulia lilikuwa limerudishwa. Hapana macho ambayo yangeliona tundu lile.

Hatutawaficha wasomaji wetu: sisi, tunaowafundisha watu kila wiki, tulinyamaza. Nafsi ilituletea hoja yenye sura ya dini. Ilituambia kwamba mali hii ni ya mayatima, na mlezi hana haki ya kuipunguza; kwamba fundi ndiye mwenye dhambi; kwamba mnunuzi ana macho yake na fundi wake. Hoja ya namna hii ni hatari zaidi kuliko tamaa iliyo wazi, kwa kuwa huja imevaa kilemba.

Ni dada yetu aliyeikata. Akasema, "Kaka, hizo pesa za tundu si zao. Watoto wangu wana gari lenye tundu. Thamani ya gari lisilo na tundu hawajarithi."

Tukaona haya. Sote tunakijua kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono ndani ya lundo la nafaka, vidole vyake vikakuta umaji. Mwenye nafaka alijitetea kwamba ni mvua iliyoinyeshea. Akaulizwa kwa nini basi asiiweke ile mbichi juu watu waione, na akaonywa kwamba mwenye kudanganya hahesabiwi pamoja na waumini. Mara ngapi tumekisimulia kisa hiki mimbarini tukidhani kinawahusu wauza mchele! Gari letu nalo lilikuwa limenyeshewa na mvua, na sisi tulikuwa tunashauriana kuiweka kavu juu.

Na hata katika sheria jambo liko wazi. Muuzaji anayeijua aibu ya bidhaa ni wajibu wake kuibainisha, na mnunuzi akigundua aibu iliyofichwa ana haki ya kuirudisha. Mali ya yatima haimtoi mlezi katika wajibu huo.

Siku ya kuuza

Kesho yake tulilipeleka gari kwa fundi mwingine, wa kuchomelea. Alikata chuma kilichooza hadi akafikia kizima, akachomelea bati jipya, akalipaka rangi ya kuzuia kutu, kisha akamimina nta ya maji ndani ya uwazi wa ukingo. Rangi ya juu tulikuwa nayo, kwa kuwa tulimwomba yule wa kwanza atupe iliyobaki mkebeni, na hilo ndilo jambo moja tulilomshukuru. Kazi ikagharimu shilingi 22,000.

Mnunuzi alipofika Jumamosi, dada yetu alitoka mwenyewe, akasimama kando ya gari, akamwambia mbele yetu: hapa palikuwa pameoza, hapa pamekatwa na kuchomelewa, na kiraka hiki hapa, inama ukione. Akainama akakitazama. Kisha akatoa bei mpya, shilingi 290,000, wala hakupandisha. Tulipomuuliza kama angependa fundi wake aifungue injini kabla ya kulipa, alijibu, "Mama huyu ameniambia la sakafu ambalo nisingelijua. La injini nitamuuliza yeye." Akamuuliza, akajibiwa, akalipa.

Hatusemi kwamba shilingi 60,000 zilizopungua zimerudi kwa mlango mwingine. Hazijarudi. Karo ya mihula miwili imelipwa, na wa tatu dada yetu anaushonea mabuibui. Lakini mihula ile miwili imelipwa kwa pesa ambayo hatuna haja ya kuieleza kwa mtu.

Wasia kwa wenye magari makuukuu

Enyi akina mama na akina baba mlio na gari la zamani mnalotaka kulipaka rangi, twawausia machache. Patana na fundi kabla: nani atarudisha mipira na taa, nani atang'arisha, na je, atakata kutu au ataifunika? Mwambie akuoneshe bati likiwa tupu kabla ya filla kupakwa, hata kama ni kwa picha ya simu. Epukeni kupaka wakati wa mvua za masika, kwani unyevu hewani huifanya rangi iwe na ukungu. Ombeni mkebe wa rangi iliyobaki. Kagueni vitundu vya maji chini ya milango. Na mkibadilisha rangi, kumbukeni kwamba imeandikwa katika kitabu cha gari, hivyo hamna budi kuijulisha mamlaka inayohusika.

Mkienda kununua, chukueni sumaku na kitambaa chembamba. Mkienda kuuza, ipitisheni sumaku hiyo juu ya gari lenu wenyewe kwanza.

Ile yetu imerudi kwenye mlango wa friji, inashikilia ratiba ya masomo ya binti. Mtoto mdogo huuliza mara kwa mara gari la baba liko wapi, na kaka yake humjibu kwamba liko kwa watu wanaojua kila kitu kulihusu.

Mwenyezi Mungu amsamehe marehemu wetu, awalee mayatima wetu na wa Waislamu wote, na atujaalie yaliyo chini ya rangi yawe sawa na yaliyo juu yake. Amin.