Uvimbe Laini Mdomoni: Usiupuuze, Usiukate, Upimwe

Uvimbe usiouma ndani ya mdomo huwagawa watu mara mbili: wanaoupuuza kwa miezi kwa kuwa hauumi, na wanaokosa usingizi wakidhani ni saratani. Wote wanahitaji jambo moja: uchunguzi.

Mojawapo ya uvimbe wa aina hii ni lipoma, yaani uvimbe wa mafuta. Hupatikana zaidi mgongoni, shingoni na mabegani; mdomoni ni nadra. Si saratani na hauambukizi. Huonekana hasa kwa waliopita umri wa miaka 40, ndani ya shavu, kwenye ulimi au chini yake, na kwenye midomo.

Utautambuaje?

Hukua polepole na ni laini ukiubonyeza. Ukiwa karibu na ngozi ya ndani ya mdomo huonekana wa manjano. Ukiwa ndani zaidi rangi hiyo hufichika, na ni rahisi kuudhania kuwa uvimbe wa tezi ya mate. Ndiyo maana macho pekee hayatoshi.

Daktari hufanya nini?

Daktari wa meno huuliza ulianza lini, kisha huutazama na kuugusa. Ulio ndani sana huenda ukahitaji picha ya ultrasaundi au MRI. Mara nyingi uvimbe wote huondolewa kwa upasuaji mdogo, mgonjwa akiwa amedungwa sindano ya ganzi, kisha hupelekwa maabara ukiwa ndani ya dawa ya formalini. Kwa kuwa mafuta ni mepesi, lipoma huelea. Hiyo ni dalili tu. Jibu la uhakika hutolewa na darubini, kwani ipo saratani adimu ya mafuta inayoweza kufanana nayo. Lipoma iliyoondolewa yote ni nadra kurudi.

Usikubali uvimbe utobolewe au ukatwe nyumbani. Unaweza kuvuja damu na kuoza, na kipande kilichotupwa hakiwezi kupimwa.

Fika hospitalini haraka ukiona:

• kidonda mdomoni kisichopona kwa wiki 2;
• doa jeupe au jekundu lisilotoka;
• uvimbe mgumu, unaokua haraka au unaotoa damu;
• ganzi ya ulimi au mdomo, au shida ya kumeza.

Wanaotumia tumbaku au pombe wawe waangalifu zaidi.

Anza katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, uombe rufaa ya kuonana na daktari wa meno. Ukishapimwa, rudi uchukue matokeo.