Sabufa iliyogeuzwa: Nyaya safi ndizo zinazomlipa fundi

SPIKA ya besi ya gari, ambayo wengi huiita sabufa, kwa kawaida hufungwa sumaku ikiwa ndani ya boksi na karatasi yake ikitazama nje. Lakini wapo wateja wanaotaka igeuzwe, yaani karatasi itazame ndani, sumaku na fremu vibaki nje vionekane.

Kwa fundi mwenye kibanda chake, kazi hiyo ni tangazo lisilolipiwa. Pia ndiyo inayoweza kumuumbua haraka, kwa sababu nyaya ambazo siku zote hufichwa ndani ya boksi, hapa ziko mbele ya macho ya kila anayefungua buti.

Kwa nini igeuzwe

Mbali na kupendeza, ziko faida mbili. Sumaku ikitoka nje haichukui tena nafasi ya hewa ndani ya boksi, hivyo boksi linaweza kupunguzwa kidogo. Vilevile, koili hupata joto kali muziki unapopigwa kwa muda mrefu, na sumaku iliyo nje hupoa kwa urahisi zaidi.

Hata hivyo, mteja asiambiwe kwamba anaokoa nafasi ya gari. Kina cha boksi kinapungua, lakini sumaku inajitokeza upande wa pili. Mwenye pikapu anayetaka kuweka boksi nyuma ya kiti apime vyote viwili kabla ya kununua ubao.

Boksi lisivuje

Boksi lililofungwa kabisa hufanya kazi kwa hewa. Hewa iliyo ndani huwa kama springi inayorudisha karatasi mahali pake. Ndivyo Mmarekani Edgar Villchur alivyotengeneza spika zake kuanzia mwaka 1954. Kwa hiyo tundu dogo tu la waya lililoachwa wazi huharibu besi na kuleta mlio wa kupuliza.

Sabufa nyingi za inchi 12 huhitaji boksi lililofungwa la kati ya lita 21 na 35, ingawa karatasi ya mtengenezaji ndiyo ya kufuata. Boksi lenye sentimita 40 kwa 35 kwa 20 kwa ndani hubeba lita 28. Likitengenezwa kwa ubao wa MDF wa milimita 18, vipimo vya nje vitakuwa sentimita 43.6 kwa 38.6 kwa 23.6.

Wengi hukosea kwenye tundu la spika. Sabufa ikigeuzwa, mpira wa pembeni hukaa upande wa ubao, na ukigusa ubao utakatika. Dawa yake ni kukata pete ya ubao kulingana na mpira huo, kuibandika kwa gundi juu ya boksi, kisha kuweka utepe wa sponji chini ya fremu ili hewa isipite.

Kupitisha nyaya

Njia rahisi ni kutoa waya kwenye amplifaya na kuufikisha moja kwa moja kwenye vituo vya sabufa, bila kuingia ndani ya boksi. Hakuna tundu, hivyo hakuna pa kuvujia. Waya ubanwe kwa klipu kufuata ukingo wa boksi, usining'inie.

Anayetaka waya usionekane huweka kituo cha kuunganishia nyuma ya boksi, akapitisha waya ndani na kuutoa karibu kabisa na vituo vya sabufa. Tundu la kutokea liwe na unene wa waya tu, na lizibwe kwa silikoni ndani na nje. Ndani ya boksi waya ubandikwe ukutani ili usigonge ubao wala karatasi.

Waya uwe wa nyuzi nyingi nyembamba. Waya mgumu wa nyumba hukatika kwa mtikisiko wa gari. Uachiwe ulegevu kidogo penye vituo, lakini usikaribie nyaya laini za sabufa zinazocheza pamoja na karatasi.

Chanya na hasi

Karatasi ya sabufa iliyogeuzwa inapokwenda mbele, inasukuma hewa ndani ya boksi badala ya kuisukuma kwa abiria. Ndiyo maana mafundi hubadilisha chanya na hasi ili iende pamoja na spika nyingine. Kama ni sabufa moja, fundi asikilize kwa njia zote mbili, achague ile yenye besi nzito. Zikiwa mbili ndani ya gari moja, moja imegeuzwa na nyingine haikugeuzwa, kubadilisha kwenye moja ni lazima, la sivyo zitauana nguvu.

Mkaguzi mkuu ni fyuzi

Amplifaya inayotoa wati 500 za kweli inaweza kuvuta zaidi ya ampea 50 kutoka kwenye betri. Waya mwembamba hapo ni kuni. Fyuzi iwekwe karibu na betri, isizidi sentimita 45, na kila waya unapopita kwenye bati uvalishwe mpira. Gari likiungua, mwenye teksi amepoteza kazi yake, na fundi amepoteza jina.

Wafanyabiashara wanaobeba saruji, unga au vyuma wawe makini zaidi. Vumbi na vipande vya chuma hukimbilia sumaku iliyo wazi na kuingia kwenye koili. Wavu wa chuma na kitambaa juu yake ni gharama ndogo kuliko sabufa mpya.

Kabla mteja hajaondoka, muziki upigwe nusu saa, maungio yashikwe kuona kama yana joto, na moshi wa udi upitishwe kandokando ya boksi. Moshi ukipeperushwa kwa kila mdundo, hewa inavuja. Ni bora kuligundua hilo gari likiwa bado kibandani, kwani kazi inayorudi hufanywa bure, nayo hula faida ya ile iliyofuata.