Kabla ya Kulipia Mafunzo ya Kupiga Mbizi: Mwongozo kwa Mlaji Anayeishi Mlimani

Mkazi wa Moshi, Marangu, Kibosho au Rombo anayetaka kujifunza kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa hana budi kuifuata bahari. Wapo wanaokwenda Unguja, hususan Nungwi na Mnemba. Wengine huelekea Pemba, Mafia, au visiwa vya Mbudya na Bongoyo vilivyo karibu na Dar es Salaam. Huduma hii inatofautiana na bidhaa za kawaida sokoni kwa mambo mawili. Kwanza, mara nyingi hulipiwa kwa simu kabla mlaji hajamwona mtoa huduma. Pili, madhara ya huduma duni huweza kujitokeza baada ya safari, mlaji akiwa amekwisha kurejea nyumbani mlimani. Makala haya yanaeleza mambo ambayo mlaji anapaswa kuyahakiki kabla ya kutoa fedha zake.

Fahamu unachonunua

Vituo vya kupiga mbizi huuza huduma za aina mbili ambazo hazipaswi kuchanganywa. Ya kwanza ni mbizi ya majaribio. Hii hufanyika kwa siku moja, mwalimu huwa karibu na mteja muda wote, kina hakizidi mita 12, na mteja hapati cheti cha kumruhusu kupiga mbizi bila mwalimu. Ya pili ni mafunzo ya cheti cha ngazi ya kwanza. Haya huwa na masomo ya nadharia, mazoezi katika bwawa au maji tulivu, na angalau mbizi nne katika maji ya wazi. Kwa kawaida huchukua siku tatu au nne, na anayefaulu huruhusiwa kufika kina cha mita 18 akiwa na mwenzake.

Kwa hiyo, mlaji anayeahidiwa cheti kamili kwa mafunzo ya asubuhi moja anapotoshwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara wa Tanzania Bara kumpotosha mlaji kuhusu huduma anayoiuza.

Maswali ya kumuuliza mtoa huduma

Mwalimu ni nani? Omba jina lake na namba yake ya uanachama katika shirika la mafunzo, kama vile PADI au SSI, kisha uulize shirika lenyewe iwapo namba hiyo ingali hai. Kumbuka kuwa nembo ya shirika la kimataifa iliyobandikwa ukutani haichukui nafasi ya leseni ya biashara. Omba kuonyeshwa vyote viwili.

Mwalimu mmoja atafundisha wanafunzi wangapi, na kwa lugha gani? Katika mafunzo ya ngazi ya kwanza, wanafunzi wanane kwa mwalimu mmoja baharini ni idadi ya juu. Wakiwa wachache zaidi ni bora. Mlaji asiyeelewa vema lugha ya mwalimu hataelewa maelekezo ya usalama.

Je, fomu ya afya inajazwa kwa makini? Fomu hiyo huuliza kuhusu pumu, maradhi ya moyo, kifafa, masikio na ujauzito. Ukijibu "ndiyo" katika baadhi ya maswali, utatakiwa kupata ridhaa ya daktari. Kituo kinachokuhimiza ujaze "hapana" kila mahali ili boti isichelewe kinajikinga chenyewe, hakikukingi wewe.

Je, boti ina mtungi wa oksijeni ya huduma ya kwanza? Mteja aliyepata madhara ya mbizi atapelekwa wapi? Kituo makini huwa na majibu ya maswali haya kabla hujauliza.

Kwa nini mlima unahusika

Mtu akiwa chini ya maji, mgandamizo humwelemea. Katika kina cha mita 10, mgandamizo huo huwa mara mbili ya ule wa ufukweni. Naitrojeni iliyomo katika hewa anayovuta huyeyuka kwa wingi katika damu na misuli yake. Akipanda juu polepole, naitrojeni hiyo hutoka taratibu kwa njia ya pumzi, lakini haimaliziki siku hiyo hiyo. Akienda mahali pa juu mapema, ambako mgandamizo wa hewa ni mdogo, naitrojeni iliyosalia huweza kufanya viputo mwilini, kama soda inavyotoa povu chupa inapofunguliwa.

Kwa sababu hiyo, wataalamu wa tiba ya mbizi hushauri mtu asubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na angalau saa 18 baada ya mbizi kadhaa, kabla ya kwenda kwenye mwinuko wa kati ya mita 600 na 2,400. Kusubiri saa 24 huongeza usalama. Ushauri huu hujulikana zaidi kwa wasafiri wa ndege, lakini mwili hautofautishi ndege na basi. Mji wa Moshi uko juu ya mita 600, na vijiji vya Marangu viko juu zaidi.

Chukua mfano wa mwalimu wa shule anayemaliza mbizi ya nne ya mafunzo yake Nungwi saa nne asubuhi, na jioni hiyo hiyo anapanda ndege ya kwenda Kilimanjaro ili awahi darasa Jumatatu. Hajavunja sheria yoyote, na cheti chake ni halali. Hata hivyo amejiweka hatarini, na kituo kilichompangia ratiba hiyo bila kumwonya hakikumpa huduma kwa uangalifu unaostahili. Kabla ya kukata tiketi ya kurudi, uliza mbizi ya mwisho itakwisha saa ngapi, kisha uhesabu saa.

Kwa anayekusudia kupanda Mlima Kilimanjaro, tahadhari ni kubwa zaidi. Kituo cha Horombo kiko takribani mita 3,700, na kilele cha Uhuru kiko mita 5,895, juu kabisa ya mwinuko unaozungumziwa katika ushauri huo. Wakala akikuuzia safari ya "bahari kisha mlima", mwombe aigeuze: mlima kwanza, bahari baadaye.

Dalili za viputo ni pamoja na maumivu ya viungo, ganzi, udhaifu, kizunguzungu na uchovu usio wa kawaida. Mlimani, baadhi ya dalili hizo hudhaniwa kuwa ugonjwa wa mwinuko. Ukizipata, teremka, usijitibu kwa dawa za maumivu, wahi hospitali, na umweleze daktari siku na saa uliyopiga mbizi mara ya mwisho.

Malipo na malalamiko

Omba maandishi yanayoonyesha bei kamili: boti, vifaa, vitabu, ada ya cheti na kiingilio cha hifadhi. Yaeleze pia utarejeshewa kiasi gani iwapo daktari atakuzuia au bahari itachafuka. Lipa kwa namba yenye jina la biashara, si ya mtu binafsi, na udai risiti. Tunza daftari lako la mbizi. Ndilo ushahidi wa mafunzo uliyopewa.

Usiporidhika, lalamika kwanza kwa maandishi kwa mtoa huduma. Asipokusikiliza, peleka lalamiko Tume ya Ushindani (FCC) kwa huduma ya Tanzania Bara, au Tume ya Ushindani Halali wa Biashara kwa huduma ya Zanzibar. Kasoro za mafunzo yenyewe ziripoti pia kwa shirika lililotoa cheti. Ambatisha risiti, ujumbe wa simu na ratiba uliyopewa.