Tairi Pana na Tairi Jembamba: Haki ya Makundi katika Mbio za Baiskeli

Katika mashindano ya baiskeli ya ridhaa nchini Rwanda, kuna kundi linalojulikana kwa tairi lake. Ni kundi la pneu ballon: baiskeli nzito za chuma, zenye matairi mapana na gia moja, ambazo Wanyarwanda huziita matabaro na ambazo siku za kazi hubeba ndizi, jerikeni na abiria. Wenye baiskeli za mashindano hukimbia peke yao. Mwaka 2006, katika mashindano ya Wooden Bike Classic yaliyoandaliwa Karongi na Tom Ritchey, mtengenezaji wa baiskeli kutoka Marekani, hata vyombo vya mbao vya kubebea mizigo, vinavyofanana na chukudu za Goma nchini Kongo, vilikuwa na mbio zao. Mgawanyo wa namna hii unakusudiwa kuhakikisha kwamba anayeshinda ni mwendeshaji, si mfuko wake.

Tofauti ya vyombo inaweza kukadiriwa. Matabaro hufikia kilo 20 hivi. Baiskeli ya mbio za barabarani hairuhusiwi kupungua kilo 6.8, kwa kanuni ambayo shirikisho la kimataifa, UCI, limeitumia tangu mwaka 2000. Anayepanda mlima hupambana zaidi na uzito kuliko upepo, kwa hiyo muda wake hufuata takriban uzito wote anaoupandisha. Kijana wa kilo 60 juu ya baiskeli ya kilo 8 hupandisha kilo 68, na juu ya matabaro kilo 80. Mlima uliomchukua dakika 30 sasa utamchukua zaidi ya 35, na miguu ni ileile. Hapo tairi bado halijahesabiwa. Tairi nene lenye upepo kidogo hubonyea kila linapozunguka, na nguvu inayolibonyeza hupotea kama joto. Hata hivyo, kwenye barabara ya udongo yenye mawe mwenye tairi pana hupita salama, huku mwenye jembamba akiziba pancha.

Kwa nini basi wote wasianze pamoja, mwenye matabaro akapewa fidia ya muda, tuseme asilimia 15? Wilaya ya Rusizi inaonyesha ugumu wake vizuri. Bonde la Bugarama, kwenye mashamba ya mpunga na kiwanda cha saruji cha Cimerwa, ndiko chini kuliko kote nchini, mita 950 hivi juu ya usawa wa bahari. Kamembe, mji wa wilaya hiyohiyo, iko juu ya mita 1,500. Katika tambarare ya Bugarama gia moja inatosha, na uzito hausumbui sana baiskeli ikishashika kasi. Kupanda kuelekea Kamembe, uzito ndio unaoamua. Kwenye mteremko, mwenye gia moja huchezesha pedeli bure wakati mwenye gia ndefu bado anasukuma. Asilimia iliyopatikana Bugarama itamwonea mwenye matabaro mlimani. Iliyopatikana mlimani itampendelea kwenye tambarare. Washiriki wa Tour du Rwanda waliofika Rusizi kutoka Huye mwaka 2020 hawakuwa na tatizo hili, kwani baiskeli zao zilikaribiana.

Mbio za magari za ridhaa zimeyahangaikia mambo haya zaidi. Katika autokrosi gari hushindana na saa kwenye njia fupi yenye kona nyingi. Kenya hugawa magari kwa idadi ya magurudumu yanayosukumwa na injini, mawili au manne, na kwa kuwa na tabochaja au kutokuwa nayo. Vilabu vingi vya Marekani huongeza juu ya makundi namba ya kuzidishia muda, inayokokotolewa kutokana na matokeo ya mashindano makubwa, ili dereva wa gari dogo alinganishwe na wa gari kubwa. Kwa matairi, chama cha mbio za magari cha Marekani, SCCA, huyataka magari ya kundi la mtaani yavae tairi lenye alama ya uimara isiyopungua 200. Alama hiyo iliwekwa kwa ajili ya wanunuzi wa kawaida, na anayeitoa ni mtengenezaji mwenyewe. Baada ya muda yakaingia sokoni matairi yenye alama 200 yanayoshika lami karibu kama ya mashindano, na anayetaka kushinda hana budi kuyanunua. Kanuni ya kupunguza gharama ikawa imezaa gharama.

Ukali wa kanuni nao una hasara zake. Mwaka 1996 Chris Boardman wa Uingereza, juu ya baiskeli ya kisasa, aliendesha kilomita 56.375 kwa saa moja. Mwaka 2000 UCI ikaamua kwamba rekodi ya saa itafutwe kwa baiskeli inayofanana na ile ya Eddy Merckx wa Ubelgiji ya 1972. Boardman akarudi, akaipita rekodi ya Merckx kwa mita 10 tu. Waliomfuata walikuwa wachache mno, na mwaka 2014 baiskeli za kisasa zikarudishwa.

Idadi ya makundi ni swali jingine. Kuanzia 2022 hadi 2024, ubingwa wa dunia wa barabarani wa wanawake chini ya miaka 23 ulitolewa ndani ya mbio za wakubwa, kwa aliyetangulia miongoni mwa vijana. Kijana aliyetumwa kumsaidia kiongozi wa timu alijikuta anatumikia mbio mbili. Kigali, mwaka 2025, ndiko walikopata mbio zao wenyewe kwa mara ya kwanza. Mashindano ya kata yenye watu 12 hayawezi kuiga mfano huo: makundi manne yakitengwa, kila mshiriki anapanda jukwaani.

Kwa matabaro, ukaguzi mwingi hufanywa kwa macho: sahani moja mbele, gia moja nyuma, upana wa tairi. Kanuni ikiishia hapo, mwenye fedha atang'oa kariya na madigadi na kuweka rimu nyepesi. Inafaa vitu hivyo vitajwe, na baiskeli iwekwe kwenye mizani ya kupimia magunia. Idadi ya meno ya gia ya nyuma inaweza kuachwa huru, kwa sababu gia yenyewe ni ya bei nafuu, na kijana wa Bugarama hachagui sawa na wa Kamembe.