Upepo Kwenye Breki: Utangulizi

"Pampu!" Sauti inatoka chini ya gari. Kijana aliyekaa kwenye kiti cha dereva anakanyaga pedeli mara tatu, mara nne, mpaka mguu unakutana na ugumu. "Shikilia!" "Nimeshika!" Fundi, aliyelala chali juu ya boksi lililokunjuliwa, analegeza nati ndogo nyuma ya gurudumu kwa spana namba 10. Mafuta yanakimbia kwenye mpira mwembamba hadi ndani ya chupa iliyokuwa ya maji ya kunywa, na katikati yake vinapita vipovu: kimoja, viwili, kisha msururu mzima. Anakaza nati. "Achia!" Wataanza tena, mara kumi na zaidi kwa kila gurudumu. Wameanzia la nyuma kushoto, lililo mbali kuliko yote na pedeli, na hawataliacha mpaka mafuta yatoke bila kipovu.

Kazi hiyo gerejini inaitwa kutoa upepo. Kila mwaka, wanafunzi wangu wapya nawapeleka kuitazama kabla sijawaandikia mlinganyo wowote ubaoni. Gereji yenyewe ni mwarobaini mmoja Ilala, jeki mbili na sanduku la spana. Wapo wanaoshangaa, maana walitarajia maabara. Nami nakukaribisha kwenye elimu ya breki kwa kupitia mlango huohuo, kwa sababu sehemu kubwa ya elimu hii imekwisha kuhifadhiwa kwenye maneno ya mafundi. Mgeni afanye kwanza kazi ya kuyasikiliza, kisha aulize ni wapi yanasema kweli na ni wapi yanatudanganya.

Neno upepo linasema kweli. Chukua bomba la sindano jipya, toa sindano yake, vuta maji yajae, kisha ziba mdomo kwa kidole na usukume. Halisogei. Sasa mwaga maji, vuta hewa, ziba na usukume tena: linaingia kwa ulaini, na ukiachia linarudi. Mfaransa Blaise Pascal alieleza katika karne ya 17 kwamba msukumo unaoutia kwenye kimiminika kilichofungiwa hufika kila upande kwa nguvu ileile. Ndiyo maana mguu mmoja unaweza kubana magurudumu manne kwa wakati mmoja. Ukiingia upepo kidogo tu kwenye mabomba, mguu wako unaishia kuuminya upepo, na pedi hazipati kitu. Dereva atakwambia pedeli imekuwa laini kama sponji, au inaenda chini mpaka aikanyage mara mbili ndipo ishike.

Neno mafuta, kwa upande wake, limetuponza. Siku moja chini ya mwarobaini ule alifika mzee mmoja na gari ambalo breki zake zilikuwa zikishika hazikubali kuachia. Magurudumu yalikuwa ya moto kiasi kwamba hayagusiki. Fundi alifungua kichupa cha breki, akachovya kidole, akanusa. "Shikamoo mzee wangu. Humu umeongeza nini?" "Mafuta." "Mafuta gani?" "Si mafuta tu, mwanangu!" Alikuwa ameongeza oili ya usukani iliyobaki nyumbani. Mipira yote ya ndani, kuanzia masta silinda mpaka kwenye magurudumu, ilikuwa imevimba kama maharage yaliyolowekwa usiku kucha. Hakuna kilichookolewa.

Kosa lake silioni kuwa ujinga. Lugha ndiyo iliyompotosha. Mafuta ya breki tunayotumia kwenye magari mengi, yale yenye maandishi DOT 3 au DOT 4, si mafuta kwa maana ya oili. Yanatokana na jamii ya glaikoli, na tabia yake ni kinyume kabisa na ya oili: yanapenda maji. Yanayavuta kutoka hewani kupitia mipira na kila kifuniko kinapofunguliwa. DOT 3 mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 205. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachodaiwa kinashuka mpaka 140. Kwa sisi wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, ambako chumvi ya mezani inalowa ndani ya kopo lake, hilo si jambo la kupuuza. Kubadilisha mafuta hayo kila baada ya miaka 2 ni ushauri wa kawaida, na kwa uzoefu wangu ndio ushauri usiofuatwa kuliko yote gerejini. Mwenye gari atanunua pedi mpya bila kinyongo kwa kuwa anaziona. Mafuta yaliyogeuka rangi ya chai ya rangi hayamshtui.

Swali linalofuata ni kwa nini mafuta ya breki yapate joto hata yachemke, na hapo ndipo kiini cha fani hii. Breki haiui mwendo. Inaugeuza kuwa joto. Gari la kilo 1,500 likienda kilomita 100 kwa saa lina nishati ya mwendo ya karibu jouli 580,000. Ukilisimamisha, joto linalopatikana lingetosha kuchemsha takriban lita 1.8 za maji yaliyokuwa kwenye nyuzi 25. Yaani chai ya familia nzima, kwa kusimama mara moja. Ongeza mwendo mara mbili, na joto linaongezeka mara nne. Anayeshuka mteremko wa Kitonga huku mguu uko kwenye breki muda wote anachemsha birika baada ya birika bila kupumzika. Mafuta yenye maji yakifika kwenye kuchemka hutoa mvuke, nao ni upepo uliozaliwa ndani ya bomba lenyewe. Pedeli inazama. Gari likipoa, breki zinarudi kana kwamba hazijawahi kukorofisha, na fundi anayeletewa gari kesho yake haoni kosa. Kushuka kwa gia nzito kunaiachia injini sehemu ya kazi hiyo.

Wataalamu wanaoshughulika na vitu vinavyosuguana wana jina la fani yao, tribolojia, lililopendekezwa Uingereza mwaka 1966 kutoka neno la Kigiriki la kusugua. Kazi yenyewe ina umri mkubwa kuliko jina. Agosti 1888 Bertha Benz alichukua gari lililobuniwa na mumewe, akasafiri na wanawe wawili kutoka Mannheim hadi Pforzheim, safari ya zaidi ya kilomita 100. Njiani vibao vya breki vilianza kulika kwenye miteremko, naye akamwendea fundi viatu avipigilie ngozi. Huo unatajwa kuwa mwanzo wa bitana ya breki. Napenda kuwakumbusha wanafunzi wangu kwamba Kiswahili kinamwita fundi yule anayeshona viatu na yule anayefungua injini, na siku ile tofauti yao haikuwa kubwa.

Siku za mwanzo gerejini utajifunza kusikia. Breki inayolia mlio mwembamba huenda ina kibati cha chuma kilichowekwa makusudi kiguse diski pedi zikikaribia kwisha. Pedi ikibaki na unene wa milimita 3, muda wake umefika. Inayokwaruza imeshakula pedi yote na sasa inakula diski. Pedeli inayodunda chini ya mguu inasema diski haiko sawa, na hapo hupelekwa kwa mkerezaji akaisawazishe. Kukereza kuna mpaka, kwani diski nyingi zimeandikwa ukingoni unene wa mwisho unaoruhusiwa. Gari likivuta upande mmoja, tafuta upande ambao breki haishiki au haiachii. Kwenye magari kama Toyota IST, yenye diski mbele na dramu nyuma, anza na mbele. Ukifunga breki, uzito unakimbilia huko, kama abiria wa daladala wanavyomwangukia kondakta.

Niseme pia ninayoyachukia. Nimeona bomba linalovuja likiminywa kwa koleo na kukunjwa, gari likarudi barabarani na breki za magurudumu matatu, mwenye gari akiambiwa "itakusogeza". Hiyo siiti ufundi. Nimeona pia vijana wakipuliza vumbi la dramu kwa kompresa bila kuziba pua. Bitana nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, ambayo husababisha saratani ya mapafu, na ukiwa umeshika pedi ya dukani isiyo na jina huwezi kujua kilichomo. Kitambaa kilicholoweshwa maji kinatosha kufuta, na bei yake si kitu.

Breki za malori makubwa sizigusi hapa, isipokuwa kwa jambo moja linalowachanganya wanafunzi. Kule upepo ndio nguvu yenyewe. Kompresa inaujaza kwenye matangi, na breki ya kuegeshea inashikwa na springi kali ambayo upepo ndio unaoizuia. Upepo ukiisha, gurudumu linafungwa. Ukimsikia dereva wa lori akilalamika kwamba hana upepo, na wa teksi kwamba anao, wote wawili wana shida ya breki.

Kabla hujafungua sura ya kwanza, nenda kwenye gari lolote lililo karibu nawe, injini ikiwa imezimwa na kupoa, umwombe mwenye gari akufungulie boneti. Upande wa dereva, karibu na kioo, utaona kichupa cheupe chenye mistari miwili, wa juu na wa chini. Usikifungue. Kitazame kwa tochi ya simu, uone mafuta yamesimama wapi na yana rangi gani, kisha umuulize yalibadilishwa lini. Andika jibu lake kwenye daftari. Huo ndio ukurasa wako wa kwanza.