Kuvu katika Njugu na Mahindi: Moto Hauondoi Sumu

Msimu wa mavuno ukifika Kendu Bay, utasikia ikisemwa kwamba njugu au mahindi yenye kuvu yakikaangwa au kuchemshwa sana, sumu huisha. Hiyo si kweli. Sumu ya aflatoksini haimalizwi na moto wa jikoni, nayo huharibu ini. Mwaka wa 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui.

Kwa hivyo, anika mavuno yako juu ya turubai, si ardhini. Kupima mahindi, yatie katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu, utikise, ungoje dakika 15. Chumvi ikishika kwenye chupa, yaanike tena. Yaliyoota kuvu yatupe. Usimlishe ng'ombe, kwani sumu hiyo huingia hata katika maziwa unayowapa watoto.