Mahijra wa Bara Hindi na Jamaa Zao

Atakaye kuwafahamu mahijra wa Bara Hindi, waliozaliwa wakahesabiwa wanaume nao wakashika mavazi na majina ya kike, hana budi kuanzia nyumbani mwao, kwani hao ni ukoo wenye ada zake: mgeni hupokewa na guru, aliye mama na mwalimu kwa pamoja, akapewa jina jipya na kufunzwa adabu, naye humtolea guru sehemu ya chumo lake, na akitaka kuhamia kwa guru mwingine, fidia hulipwa kwa hukumu ya wazee. Waislamu na Wahindu hukaa chini ya dari moja. Chumo lao la heshima ni badhai, nako ni kwenda penye harusi au mtoto mchanga, wakapiga makofi yao mashuhuri, wakaimba, wakacheza, wakabariki na kutunzwa. Hata hivyo wengi siku hizi, kwa dhiki, huomba ndani ya magari ya moshi au huuza miili yao.

Serikali ya Kiingereza, kwa sheria ya 1871, iliwaandika daftarini kama washukiwa wa uhalifu, ikawazuia kuvaa kike na kucheza hadharani, hata kuasili mtoto na kuandika wasia.

Karne iliyofuata ilipokuwa ikimalizika, wapenda jinsia moja wa Mumbai na Delhi nao walianza kudai haki zao, na viongozi wao, wengi wakiwa wasomi wa Kiingereza, walifurahi kuwaona mahijra kwenye maandamano kuliko kuwaona sebuleni mwao. Mahakama ya Juu ya India ikazidi kuyatenganisha makundi hayo mawili: Desemba 2013 ilirudisha kifungu cha 377, kilichofanya mapenzi ya jinsia moja kuwa jinai, kisha Aprili 2014 ikaikubali jinsia ya tatu, hata hijra akawa raia kamili ambaye mapenzi yake ni kosa. Septemba 2018 kifungu hicho kilitenguliwa kwa upande wa mapenzi ya watu wazima walioridhiana. Wapenda jinsia moja wakasherehekea, na ilikuwa haki yao.

Lakini faraghani mwa chumba simo ambamo hijra hudhulumiwa zaidi. Ni barabarani, na katika kunyimwa jamaa. Kwa rai yangu, hapo ndipo wenzao walipochelewa kuwaelewa. Sheria ya 2019, iliyotungwa kuwalinda, inawataja mahijra kwa jina, na papo hapo inasema kwamba familia ni watu waliounganishwa kwa damu, ndoa au kuasiliwa kisheria. Guru na wanawe hawamo.